Uyoga wa rangi ya chungwa tuliookota Mufindi, mwenzetu anasema kwao wanakula. Mnasemaje?

Mtembezi_IR (Jumapili, saa 11 jioni)

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada na ikiwezekana haraka maana jambo lenyewe lipo kwenye friji ya mtu.

Jana kikundi chetu cha kutembea porini tulikuwa Mufindi, watu tisa, tulianzia asubuhi upande wa chini ambako bado kuna miombo ya asili halafu tukapanda taratibu mpaka kwenye mashamba ya paini. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, ardhi imelowa, yaani kila ukigeuka unaona uyoga. Mimi nimekulia mjini, uyoga ninaoujua ni ule wa kwenye pakiti, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kupiga picha tu. Nimeona aina nyingi sana ila mitatu ndiyo inanisumbua.

Wa kwanza ulikuwa kwenye kichuguu, mkubwa, kofia pana kama sahani, rangi nyeupe inayoelekea kijivu, na katikati ya kofia kuna kama ncha hivi. Wa pili ulikuwa kule chini kwenye miombo, mdogo, wa njano kama kiini cha yai la kienyeji, umetapakaa kwenye majani makavu, umekaa kama tarumbeta. Wa tatu tulikuta juu, ndani ya paini kabisa, kofia ya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, laini, inang'aa, shina jeupe lenye kama pete.

Sasa kuna dada tunatembea naye, kwao Tabora, amekula uyoga wa porini tangu mdogo, bibi yake alikuwa anauza barabarani. Yeye ndiye aliyetuonyesha ule wa kichuguu na ule wa njano na kwa kweli nilimwamini kwa sababu alikuwa anautaja kabla hata hajaufikia. Alipofika kwenye ule wa chungwa akafurahi sana, akasema huu ndio wenyewe, kwao ndio unaopendwa kuliko yote, akajaza mfuko. Sisi wengine tukasita tukamwachia yeye. Leo amenitext anasema kesho jioni anapika, anatualika.

Nilichokuwa nataka kuuliza mwanzoni ni jinsi ya kujifunza kuutambua uyoga ukiwa njiani, lakini kwa sasa niambieni kwanza, huyu dada yuko sahihi?

---

Mama_Wawili_Mafinga (saa 11:40 jioni)

Mwanangu mpigie simu sasa hivi, usimtext, mpigie. Mwambie ule uliotoka kwenye paini asiupike mpaka ajibiwe maswali mawili. Kwanza, mlipokuwa mnachuma mliona mwingine wa namna hiyohiyo wenye madoa meupe juu, kama vipande vya unga wa ugali vilivyokauka? Pili, aliung'oa na kitako chake au alivunja shina juu?

Mimi nimezaliwa huku na nimeolewa huku. Watoto wetu tunawafundisha mapema kwamba ule mwekundu wenye madoa wa kwenye paini hauliwi, unautazama unapita. Sasa mvua ikipiga kama ilivyopiga ijumaa yale madoa yanaoshwa yote, unabaki na kofia ya chungwa safi inang'aa, na mtu wa kutoka kwenye miombo anaona ule wa kwao. Wala si mjinga huyo dada, anaujua uyoga vizuri, lakini anaujua wa Tabora, na Tabora hakuna huu msitu wetu wa kupandwa.

---

Mtembezi_IR (saa 11:52)

Mama asante, nimempigia. Bado hajapika, upo kwenye friji. Madoa ndiyo, nimerudi kwenye picha, ipo moja ambayo haikuwa imefunguka vizuri ina madoa meupe na ilikuwa hatua tatu tu kutoka pale alipochuma. Kuhusu kitako anasema alivunja kwa mkono ili asiharibu shina la chini liote tena.

---

Kuvu_na_Mizizi (saa 1:15 usiku)

Ngoja nieleze kwa kirefu kidogo maana nimesoma mambo haya chuoni na nimekaa miombo miezi mingi nikifuata akina mama wanaochuma.

Alichosema Mama wa Mafinga ni kweli tupu. Ule wa paini kwa maelezo yako karibu ni hakika ni Amanita muscaria, ndio huo mwekundu wenye madoa, una sumu. Si wa hapa. Paini yenyewe si ya hapa, ile inayopandwa Mufindi kwa wingi asili yake Meksiko, na paini haiwezi kustawi bila kuvu wake kwenye mizizi, kuvu anaipa maji na madini, mti unampa sukari. Walipoanza kupanda paini Afrika miche ilikuwa inadumaa inakuwa ya njano mpaka walipoleta udongo kutoka chini ya paini nyingine wenye hao kuvu ndani yake. Kwa hiyo na abiria wengine wakaja humohumo kwenye udongo.

Sasa upande wa dada yetu. Miombo nayo inafanya vilevile, ile miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia ina kuvu wake wa kwenye mizizi, na ndiyo maana miombo ina uyoga mwingi kuliko misitu mingine mingi ya kwetu. Humo ndimo kuna Amanita wanaoliwa, yupo Amanita loosei mwenye kofia ya njano mpaka chungwa, anauzwa barabarani kwa ndoo kuanzia Tabora mpaka Zambia huko. Ndiye huyo bibi yake alikuwa anamuuza, sina shaka. Ni ndugu kabisa wa yule wa paini, ukoo mmoja, na ukiwakata shina wote wawili juujuu ukawaweka kwenye mfuko mmoja wakalowa, hata mimi nitahitaji muda kuwatofautisha.

Tofauti ipo ardhini. Ule unaoliwa wa miombo ukiufukua taratibu na kisu chini una kifuko cheupe kinachokaa kama soksi, kitako kimeingia ndani. Ule wa paini hauna soksi, kitako chake kimevimba kama kitunguu na juu yake kuna mapete ya vipandevipande. Kwa hiyo yule anayevunja shina juu ili pasiharibike anaacha ardhini kile kitu kimoja ambacho kingemwambia ukweli. Na tena kuvu mwenyewe yuko chini ametanda kama uzi, ukifukua kimoja kwa uangalifu ukafukia shimo hajali.

Lakini naomba msinielewe vibaya, msiondoke hapa mkisema chenye soksi kinaliwa. Amanita wenye sumu mbaya kuliko zote duniani nao wana soksi. Soksi inakwambia uko kwenye ukoo gani, basi. Baada ya hapo unatazama mti uliosimama chini yake, unamtafuta mtu wa mahali hapohapo. Mkiwa na shaka mnaacha.

---

Mtembezi_IR (saa 1:30)

Asante sana mkuu. Na hao wawili wengine?

---

Kuvu_na_Mizizi (saa 2:05)

Wa kichuguu ni rahisi kuliko wote, Termitomyces. Mchwa wale wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima, wanatafuna miti na majani makavu, wanapeleka chini wanatengeneza kama bustani, humo wanalima huyo kuvu na ndiye anayewasagia chakula. Mvua zikianza kuvu anatoa uyoga kutoka kule kwenye bustani mpaka juu. Ndiyo maana ukiufukua huoni mwisho wa shina, unakuwa mzizi mrefu unaoshuka tu, wakati mwingine zaidi ya nusu mita. Ile ncha uliyoiona juu ya kofia ndiyo iliyotoboa udongo. Ncha, mzizi mrefu, na vumbi lake la uzazi linaloanguka chini ya kofia ni la waridi. Huo binadamu ameshindwa kuulima kama uyoga wa dukani, mchwa tu ndio wanaouweza.

Wa njano kama tarumbeta ni Cantharellus. Ugeuze uangalie chini, uyoga mwingi una vile vitu kama kurasa za kitabu, unaweza kuziachanisha kwa kucha, huu una mikunjo tu kama ngozi iliyokunjana, inashuka mpaka kwenye shina na haibanduki. Unaota ardhini chini ya miombo. Ukiukuta wa rangi kama hiyo umejazana kwenye kisiki na una kurasa kabisa, huo ni mwingine, acha.

---

Lubumbashi_Mukubwa (saa 2:40 usiku)

Bandugu, kwetu Katanga tunaita buyoga na mwezi wa kumi na mbili barabara ya kutoka Lubumbashi wamama wanajipanga na mabeseni. Ule wa kichuguu kwetu kuko moja inaitwa Termitomyces titanicus, kofia inaweza fika mita moja, mtoto anajifunika nayo mvua, sisemi uongo. Waliipatia jina la kisayansi mwaka 1980 tu lakini babu zetu walikuwa wanaikula zamani sana.

Mimi nataka kuongeza kitu kwa ule wa chungwa. Kwetu watu wa mugini wakienda kwa kijiji ya mugeni hawachumi wao wenyewe. Unakaa, unangoja mama wa pale akuonyeshe, hata kama unaona ni ile ile ya kwenu. Hii ni adabu lakini pia ni akili, juu pori si moja.

---

Sister_Nje_Vancouver (saa 3:10 usiku kwenu)

Nimesoma nikasikia baridi mwilini kwa sababu kutofuata hiki alichoandika huyu ndugu wa Lubumbashi ndiko kunakoua watu huku ugenini.

Mimi nipo Canada, British Columbia. Huku mjini, kwenye miti ya pembeni ya barabara mbele ya nyumba za watu, kunaota uyoga unaitwa Amanita phalloides, uliletwa na mizizi ya miti kutoka Ulaya. Rangi yake kijani hafifu au karibu na nyeupe, unanukia vizuri, na waliowahi kuula wakapona wanasema ni mtamu. Mwaka 2016 mtoto wa miaka mitatu alifariki huku kwa uyoga huo. Ujerumani mwaka 2015 wakimbizi wengi waliotoka Syria waliumwa vibaya kwa sababu kwao kuna uyoga unaofanana nao. Poland mwaka 2021 watoto wawili wa familia iliyokimbia Afghanistan walikufa baada ya kula supu ya uyoga waliookota karibu na kambi. Na Marekani California familia za watu wa Asia ya kusini mashariki wamepata shida hiyohiyo kwa kuufananisha na uyoga wao wa mabua ya mpunga. Wengi wa hao walikuwa watu wanaojua uyoga wa kwao. Asiyejua hachumi.

Naandika haya kwa sababu kuna Watanzania na Wakongo na Warundi wengi huku na wikiendi tunaenda kutembea msituni na watoto, na mama akiona uyoga moyo unamrudi nyumbani. Tafadhali naomba sana.

Halafu mjue sumu ya huo phalloides inavyofanya kazi. Ukila leo saa mbili usiku hausikii kitu mpaka kesho, masaa sita, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Halafu kutapika na kuharisha vibaya sana. Halafu unapata nafuu. Hapo ndipo watu wanarudi nyumbani wanasema ilikuwa tumbo tu, kumbe ini linaendelea kufa na siku ya tatu ya nne mtu anabadilika macho kuwa ya njano. Kupika hakuondoi, kukausha hakuondoi, kumwaga maji ya kwanza hakuondoi.

---

Fundi_Baraka_Kibaha (saa 4 usiku)

Mimi wangu haukutoka hata porini. Uliota uwanja wa mpira wa shule jirani na kwangu, baada ya mvua za vuli, mikubwa mizuri meupe ina magamba ya kahawia juu, imejipanga mduara. Mke wangu akachuma akapika na nazi, tukala watu watano. Haikupita saa mbili wote tunatapika, mtoto wa mwisho alilegea mpaka tukambeba kwa pikipiki, tukalazwa wote tukawekewa dripu. Tulipona, namshukuru Mungu.

Kilichonikera ni kwamba jirani alikuja na maziwa akasema wanywesheni maziwa inakata sumu, tukapoteza karibu nusu saa pale nyumbani tunanyweshana maziwa. Na kabla ya kupika mke wangu alikuwa ameweka kitunguu kwenye sufuria, aliambiwa na mama yake kikibadilika rangi ni sumu. Hakikubadilika.

Baadaye daktari mmoja kijana aliniuliza kama tumebakiza, nikarudi nikamletea kimoja kilichosahaulika kwenye ndoo, akakigeuza, chini kimeshakuwa cha kijani. Akasema huo kijani ndio alama yake.

---

Kuvu_na_Mizizi (saa 4:25)

Fundi pole sana, na asante kwa kusema. Huo ni Chlorophyllum molybdites, unapenda majani mafupi, viwanja, bustani za nyumba, upo nchi nyingi za joto na ndio unaolaza watu wengi. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe kabisa, ndiyo maana mkeo hakuona kitu. Kijani kinakuja ukikomaa.

Mbinu ya kitunguu, ya sarafu ya fedha, ya mchele kubadilika rangi, ya kuangalia kama konokono amekula, hakuna hata moja inayofanya kazi. Konokono anakula vitu vinavyotuua sisi na anaendelea na safari.

Kuna kipimo kimoja cha nyumbani ambacho ni cha kweli ingawa hakisemi kama unaliwa, kinasaidia kuutambua. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe nusu nyeusi, funika na glasi au bakuli, acha mpaka asubuhi. Vumbi linaanguka linachora. Huo wa Fundi ungechora kijani, wa kichuguu waridi, Amanita wote nyeupe, ule wa jamii ya dukani unachora kahawia kama chokoleti. Mtembezi kama bado unao wa kichuguu jaribu usiku huu.

---

Karura_Walker (saa 4:50 usiku)

Niaje wadau, niko Nairobi. Mimi hutembea Karura na Ngong karibu kila Jumapili na swali la kwanza la Mtembezi halijajibiwa, ya kwamba mtu ajifunze vipi. Mimi sikuwa na nyanya wa kunifundisha, upande wetu hatukuwa tunakula, rafiki zangu Waluhya ndio walikuwa wanasema obwoba na Waluo obuolo na Waganda wana ule mdogo sana wa kutoka kwa mchwa wanauita obubaala. Kwa hivyo nilianza na simu.

Natumia iNaturalist. Unaweka picha, inapendekeza jina, halafu watu wanaojua wanakuja kusahihisha, wengine huchukua miezi. Nimejifunza mengi lakini mara kadhaa pendekezo la kwanza lilikuwa la uyoga wa Ulaya ambao hata hauko huku, kwa sababu picha nyingi zilizowekwa ni za kule. Kwa hivyo ni ya kujifunza, si ya kupeleka jikoni hata kidogo.

Kinachosaidia ni picha zenyewe. Watu wengi hupiga juu tu, kofia. Piga pembeni, piga chini kwenye kurasa, piga kitako kilichofukuliwa, weka shilingi kando ionyeshe ukubwa, halafu inua simu upige mti ulio juu yako. Hiyo ya mti watu husahau kila mara na kwa hii thread yenu ndiyo ingemaliza mambo. Kata kidogo uone kama unatoa maziwa au unabadilika rangi. Nusa. Andika. Kushika hakuna shida, hata ule mbaya zaidi haukudhuru kwa mkono, ni kuula tu. Na ukiwa ndani ya mbuga ya taifa usichume chochote, picha inatosha.

---

Mama_Wawili_Mafinga (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Nimeamka nikaona mmeandika mengi mazuri. Huyo wa Nairobi amesema vizuri juu ya mti. Sisi mama zetu walikuwa wanatuuliza hivyohivyo, ukirudi na kikapu hawaangalii uyoga kwanza, wanauliza umetoa wapi, chini ya nini. Ukisema sijui wanamwaga chini. Nililia siku moja nikiwa na miaka saba, kikapu kizima kimemwagwa kwa sababu nilichanganya wa bondeni na wa kwenye paini.

Nakumbuka miaka ya tisini walikuwa wanapita watafiti kutoka Finland na wa chuo kikuu Dar wakiuliza wazee majina ya uyoga vijijini, Iringa na huko Uluguru.

---

Kuvu_na_Mizizi (saa 1:10 asubuhi)

Ni wao Mama, Marja Härkönen na wenzake pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yupo hata Amanita tanzanica waliyempa jina, anatoka kwenye miombo yetu na analiwa, na waliofahamu kwamba analiwa ni wenyeji waliokuwa wakiulizwa maswali hayo.

---

Mtembezi_IR (Jumatatu, saa 2 usiku)

Wakuu nimerudi. Jana usiku niliweka ule wa kichuguu kwenye karatasi nikafunika na bakuli, asubuhi nimekuta mistari ya waridi imechorwa vizuri kama jua linalochomoza, nimeipiga picha na karatasi yenyewe nimeihifadhi.

Leo jioni nilikwenda kwa dada na simu, nikamsomea yote mliyoandika. Alinyamaza muda. Mwanzo aliumia, akasema yaani nimekula huu miaka thelathini, nikamwambia huo uliokula wewe ni mwingine na hakuna anayekubishia. Tukautoa kwenye friji tukaumwaga mezani. Vipande ishirini na mbili. Kimoja tu ndicho kilikuwa kimetoka na kitako, kilichomponyoka, na kitako chake kimevimba kama kitunguu na kina yale mapete. Soksi hakuna. Aliushika akaugeuzageuza akasema bibi angeujua huu kwa mkono, gizani.

Tumefukia wote nyuma ya nyumba, mbali na kuku. Ule wa njano alikuwa ameuweka peke yake kwenye bakuli, tukaugeuza mmoja mmoja kuangalia mikunjo, na yeye akawapigia video shangazi zake Tabora wakauona, ndipo akapika na karanga. Mimi nimeonja vijiko viwili, ni mtamu kweli, una harufu kama ya tunda.

Kikundi kinarudi Mufindi tarehe 14. Mama Mafinga, dada anauliza kama utakuwa na nafasi ya kutembea na sisi hata nusu siku, anataka kuonyeshwa wa huko kwenu kuanzia mwanzo, na amesema atakuja na kikapu kitupu na kisu cha kufukulia.

---

Mama_Wawili_Mafinga (saa 2:45 usiku)

Nafasi ipo. Njooni mapema kabla jua halijapanda, na mwambie avae buti, kule bondeni kuna matope.